Kipande cha Katikati: Historia ya Adapta za Kushikia Kazi katika Karakana za Nyumbani

Katika ufundi wa kukereza chuma, ambamo kipande cha kazi huzungushwa na mashine huku kisu kilichotulia kikikipunguza hadi kipate umbo linalotakiwa, suala la kushika hutangulia suala la kukata. Kazi isiyoshikwa sawasawa hucheza, na kazi inayocheza haitoki duara hata kisu kiwe kikali namna gani. Kwa sababu hiyo kila mashine ilitengenezwa na ncha ya kupokelea vishikio, na kwa kuwa watengenezaji hawakupatana kwa muda mrefu kuhusu umbo na kipimo cha ncha hiyo, ilizuka haja ya kipande cha katikati, yaani adapta, ambayo upande wake mmoja hufuata kanuni ya mashine na upande wa pili hufuata kanuni ya chombo au ya kazi yenyewe. Kiwanda kikubwa kiliweza kuikwepa haja hiyo kwa kununua mashine na vifaa vyake vyote kwa mtengenezaji mmoja. Mwenye karakana ya nyumbani, aliyepata mashine mnadani, kishikio kwa muuza vitu vilivyotumika na keekee popote zilipopatikana, hakuwa na njia hiyo, na ndiyo maana historia ya adapta inaonekana wazi zaidi katika masanduku ya mafundi wa ridhaa kuliko katika orodha za bidhaa za viwanda.

Njia kongwe ya kushika kazi haikuhitaji adapta yoyote. Kipande cha mti kiliwekwa kati ya ncha mbili kali zilizoelekeana, kikazungushwa kwa kamba ya uta, kama walivyofanya wakereza wa pwani ya Afrika Mashariki walipotengeneza matendegu ya vitanda, na vitundu viwili vilivyoachwa na ncha hizo vilitosha kukirudisha kipande mahali pake hata kikiondolewa mara kumi. Usahihi wa njia hii ni mkubwa, na hadi leo shafti inayotakiwa kuwa sawa mwanzo hadi mwisho hukerezwa kati ya ncha mbili. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni nzito: kazi iliyobanwa pande zote mbili haiwezi kutobolewa wala kukwanguliwa ndani. Bakuli, pete, kifuniko na silinda vilidai kushikwa upande mmoja tu, na hapo ndipo spindeli, yaani mhimili unaozunguka ndani ya kichwa cha mashine, ilipopewa ncha yenye hesi ili kitu chochote chenye tundu la hesi inayolingana kiweze kuzungushiwa humo.

Jinsi ncha hiyo ilivyotumiwa majumbani inafahamika vizuri zaidi kutokana na kazi ya familia ya Holtzapffel jijini London. John Jacob Holtzapffel, aliyetoka Strasbourg, alianza kutengeneza mashine za kukereza katika muongo wa mwisho wa karne ya 18, na wateja wake wengi walikuwa watu wenye mali na nafasi, waliokereza pembe na mbao ngumu kwa ajili ya starehe. Mwanawe Charles alianza mwaka 1843 kuchapisha kitabu kikubwa kuhusu ukerezaji na ufundi wa mikono, ambacho juzuu zake za mwisho zilikamilishwa na mjukuu, John Jacob wa pili, mwaka 1879 na 1884. Pamoja na vishikio vya shaba vya bei kubwa vilivyouzwa na duka hilo, mkerezaji alitegemea kishikio cha hali ya chini kabisa: kipande cha mbao ngumu yenye chembe laini, kilichokatwa hesi nyuma ili kiingie kwenye ncha ya spindeli, kisha kikachimbwa kikombe mbele kwa kipimo cha kazi iliyokuwapo, kazi ikasukumwa humo na kushikwa kwa msuguano peke yake. Kazi ilipokuwa nyembamba mno kusukumwa, ilibandikwa kwa shelaki iliyoyeyushwa juu ya sahani ya shaba, kisha ikabanduliwa kwa moto, na mafundi saa waliitumia mbinu hiyo hiyo kwa magurudumu yaliyokuwa madogo kuliko ukucha.

Vikombe hivyo vya mbao ndivyo adapta za kwanza za karakana ya nyumbani, na hadhi yao ya kiufundi ni kubwa kuliko sura yao. Kilichokuwa muhimu ni kwamba kikombe kilichimbwa kikiwa tayari kimefungwa kwenye spindeli itakayokizungusha. Hata kama hesi ya nyuma ilikatwa kwa upogo kidogo, tundu lililochimbwa baadaye lilikuwa duara kuuzunguka mhimili halisi wa mashine, kwa maana kisu hakijui upogo wa nyuma, kinajua mzunguko tu. Kosa la hatua ya kwanza lilifutwa na hatua ya pili, ilimradi kikombe kisifunguliwe na kufungwa upya mahali pengine. Kanuni hiyo, ya kumalizia kishikio palepale kitakapofanyia kazi, imedumu kuliko mashine zote zilizotajwa katika makala haya, na bila hiyo fundi mwenye mashine moja ya kawaida asingeweza kutengeneza kishikio kilicho sahihi kuliko vifaa alivyotumia kukitengenezea.

Hata hivyo ncha za Holtzapffel hazikufanana na za watu wengine. Hesi za duka hilo zilifuata mfululizo wake wenyewe, uliotokana na skrubu mama za zamani ambazo hazikuwa na uhusiano na mgawanyo wa inchi, hivi kwamba mojawapo ilikuwa na mizunguko 9.45 katika kila inchi. Joseph Whitworth, katika maelezo aliyoyawasilisha kwa wahandisi wa Uingereza mwaka 1841, alipendekeza mfumo mmoja wa hesi wenye pembe ya digrii 55 na idadi maalumu ya mizunguko kwa kila unene wa bolti, na mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia akatoa mfumo wa Marekani wenye pembe ya digrii 60. Mifumo hiyo ilileta mapatano katika bolti na nati, lakini ncha ya spindeli ilibaki nje ya mapatano, kwa kuwa unene wake ulitegemea ukubwa wa mashine na mtengenezaji hakuona faida ya kumrahisishia mteja kununua kishikio kwa mshindani.

Wakati huohuo kishikio chenyewe kilikuwa kimebadilika. Simon Fairman wa Stafford, Connecticut, alipata mwaka 1840 hataza ya kishikio chenye taya zinazosogea kwa pamoja, na mkwewe Austin Cushman akafungua biashara ya vishikio mjini Hartford mwaka 1862. Ndani ya kishikio cha aina hii mna sahani yenye mfereji wa konokono, na sahani hiyo inapozungushwa kwa ufunguo, taya tatu huingia au kutoka kwa kiasi kilekile, kazi ya duara ikajikuta katikati bila kupimwa. Kampuni zilizotengeneza vishikio hivi hazikuwa zile zilizotengeneza mashine. Zilikiuza kishikio mgongo ukiwa mtupu, na mnunuzi akaachiwa kazi ya kutengeneza bamba la nyuma, yaani sahani nene ya chuma cha kusubu inayokaa kati ya kishikio na spindeli.

Bamba la nyuma ndiyo adapta ambayo mafundi wa nyumbani wameitengeneza kwa wingi, na utaratibu wake ni ule wa vikombe vya mbao uliohamishiwa kwenye chuma. Bamba hutobolewa katikati na kukatwa hesi ya ncha ya spindeli, pamoja na sehemu laini isiyo na hesi, kwa sababu hesi kazi yake ni kuvuta tu na sehemu laini ndiyo inayoelekeza. Kisha hugeuzwa, huzungushiwa kwenye spindeli yake yenyewe, na hapo ndipo uso wake hukwanguliwa na kuachiwa kingo ya duara inayoingia kwa kubana ndani ya mgongo wa kishikio. Mafundi wengine waliiacha kingo hiyo iwe ndogo kidogo kuliko tundu lake, ili kishikio kiweze kugongwa taratibu kwa nyundo ya plastiki hadi sindano ya saa ya kupimia itulie, ndipo skrubu zikazwe. Wapo waliouona mtindo huo kuwa uzembe, lakini kishikio cha taya tatu chenyewe, kwa sababu ya konokono wake kuchakaa, hupotoka kwa sehemu kadhaa za mia za milimita, na kudai usahihi wa bamba unaozidi ule wa taya ni kujichosha bure.

Mapatano yaliyoshindikana kwenye ncha za hesi yalipatikana, bila mtu kuyapanga, kwenye tundu lililo ndani ya spindeli, na yaliletwa na keekee. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, viwanda vya bunduki vilihitaji keekee za msokoto kwa wingi, na mifereji yake ilikuwa ikichongwa kwa tupa kwa mkono. Haja hiyo ndiyo iliyomfanya Joseph Brown wa Providence, Rhode Island, atengeneze mashine ya milingi, yaani ya kukata kwa kisu kinachozunguka, inayoweza kuchonga msokoto, iliyoanza kuuzwa mwaka 1862. Stephen Ambrose Morse wa Massachusetts alipata hataza ya keekee ya msokoto tarehe 7 Aprili 1863, na mwaka uliofuata ikaundwa kampuni yenye jina lake, iliyoweka makao New Bedford, bandari iliyotajirika kwa mafuta ya nyangumi na iliyoanza kuhitaji biashara nyingine baada ya mafuta ya petroli kugunduliwa. Keekee kubwa za kampuni hiyo zilikuwa na mkia wa tepa, yaani umbo la mviringo linalopungua unene polepole kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na mkia huo uliingia katika tundu lenye umbo lilelile ndani ya spindeli.

Nguvu ya tepa ya Morse hutokana na wembamba wa pembe yake. Unene hupungua kwa takriban sehemu 1 katika kila sehemu 20 za urefu, kwa hiyo kila upande huinama kwa karibu digrii moja na nusu tu, wakati feleji juu ya feleji huanza kuteleza kwenye mwinamo mkubwa zaidi ya huo mara kadhaa. Mkia uliosukumwa mara moja hujishika wenyewe, hujielekeza katikati wenyewe, na hautoki hadi ugongwe kwa kabari inayopitishwa kwenye tundu la ubavuni na kuusukuma ulimi ulio mwishoni. Tepa za mashine za milingi za karne ya 20 zilifanywa kinyume cha hapo, pana kiasi cha kuachia zenyewe, kwa kipimo cha 7 kwa 24, ambacho mwinamo wake wa digrii 8 na kidogo upo karibu na mpaka wa kuteleza. Tepa hizo hazishikilii, huelekeza tu, na fimbo ya kuvutia ndiyo inayozibana.

Kwa upande wa hesabu, tepa ya Morse ni fujo. Ilikusudiwa kupungua kwa inchi 0.625 katika kila futi, lakini namba 2 hupungua kwa 0.59941, namba 3 kwa 0.60235 na namba 5 kwa 0.63151, tofauti ambazo haziwezi kuelezwa kwa sababu yoyote ya kiufundi na ambazo zaonekana kuwa urithi wa vipimo vya mwanzo vilivyonakiliwa kabla havijasahihishwa. Brown na mwenzake Sharpe walikuwa na tepa yao iliyo nadhifu zaidi, nusu inchi kwa futi, na bado ilishindwa. Sababu inaelekea kuwa ya kibiashara: mashine hununuliwa mara moja, keekee huvunjika na kununuliwa kila mara, na mtengenezaji wa mashine ambaye spindeli yake haikupokea keekee zilizojaa madukani alikuwa akijinyima wateja. Baadaye mashirika ya viwango ya Ujerumani na ya kimataifa yalikuta tepa hiyo imeshaenea, yakaiandika kama ilivyokuwa, makosa yake yakiwemo, yakageuza tu inchi kuwa milimita, na ndipo namba 2 ikaandikwa kuwa na unene wa milimita 17.780 kwenye mdomo wake.

Karakana ya nyumbani kama jambo la watu wa kipato cha kati, wala si la mabwana wa Holtzapffel peke yao, ilipata sauti yake Uingereza mwaka 1898, Percival Marshall alipoanzisha jarida la Model Engineer kwa ajili ya waliojenga treni ndogo za mvuke, injini na vyombo vya umeme baada ya saa za kazi. Kurasa za jarida hilo zilijaa michoro ya vishikio na adapta, na sababu yake ni rahisi kuiona: mkerezaji wa nyumbani alikuwa na mashine moja ya kufanya kazi za mashine tano. Alitaka kukereza, kutoboa, kuchonga bapa, kukata meno ya magurudumu na hata kunoa, na kila kazi ilidai kitu kingine kifungwe kwenye spindeli ileile. Upande wa Marekani, mashine za inchi 9 za South Bend na za inchi 10 za Atlas zilitokea kuwa na ncha moja, inchi 1 na nusu yenye hesi 8 kwa inchi, jambo lililofanya vishikio vyake vihame kutoka mashine hadi mashine. Uingereza, kampuni ya Myford ya Beeston, karibu na Nottingham, ilitoa mwaka 1946 mashine ya ML7, yenye ncha ya inchi 1 na moja ya nane na hesi 12, na tepa ya Morse namba 2 ndani ya spindeli, na wingi wa mashine hiyo katika mabanda ya bustani uliigeuza ncha yake kuwa kanuni bila kupitishwa na kikao chochote. Unimat ya Austria, ndogo kiasi cha kukaa juu ya meza ya jikoni, ilikuja miaka ya 1950 na ncha ya milimita 12 isiyolingana na yeyote, na kizazi kizima cha adapta kikazaliwa kwa ajili yake.

Kutengeneza mkia wa tepa nyumbani kulidai werevu ambao vitabu vya viwandani havikuwa na haja ya kuueleza. Vipimo vya digrii vilivyochorwa kwenye mashine ndogo havionyeshi tofauti kati ya namba 2 na namba 3, kwa hiyo fundi hakuipima pembe hata kidogo, aliinakili. Alichukua mkia ulionunuliwa, aliouamini, akaushika kati ya ncha mbili, akapitisha saa ya kupimia ubavuni mwake ikiwa imefungwa mahali pa kisu, akaendelea kuigeuza reli ndogo inayobeba kisu hadi sindano ikome kusogea, ndipo akaikaza reli na kukereza mkia mpya kwa mwinamo huohuo. Kisu kilipaswa kuwa kwenye usawa wa kati wa spindeli kabisa, kwani kikiwa juu au chini hata kidogo ubavu wa tepa hautoki mnyoofu bali hutoka na mbonyeo usioonekana kwa jicho. Ukaguzi ulifanywa kwa rangi ya buluu iliyopakwa kama utando mwembamba: mkia uliingizwa ndani ya tundu, ukazungushwa kidogo, ukatolewa, na mahali rangi ilipofutika ndipo palipogusana. Rangi iliyofutika upande mnene peke yake ilimaanisha mkia utatikisika kwenye ncha yake nyembamba, nao uliharibu tundu la spindeli ambalo lilikuwa ghali kuliko kila kitu kingine pale.

Mkia huo ukishakamilika, upande wake wa mbele ungeweza kubeba karibu chochote: kishikio cha keekee cha aina aliyoibuni Arthur Jacobs, Mmarekani aliyepata hataza yake mwaka 1902, sahani ndogo ya msumeno wa duara, au kishina cha kushikia bomba. Kosa lililorudiwa mara nyingi lilikuwa kutumia adapta ya namna hii kwa kazi ya milingi bila fimbo ya kuvutia. Keekee husukuma mkia wake ndani kadiri inavyotoboa, lakini jino la milingi hugonga kutoka ubavuni kwa mapigo yasiyokoma, na tepa inayojishika chini ya msukumo huachia chini ya mitikisiko, ikitoka na kisu chake kikiwa kinazunguka. Mafundi waliojifunza hayo walitoboa mwisho wa mkia, wakaukata hesi, wakapitisha fimbo ndefu ndani ya spindeli yenye uwazi na kuikaza kwa nati nyuma ya mashine.

Koleti, ambayo ni bomba fupi lililopasuliwa kwa urefu ili libanike kuizunguka kazi, ilitoka kwenye viwanda vya saa vya Massachusetts katikati ya karne ya 19, na kwa miaka mingi ilibaki mali ya mafundi saa na ya karakana zenye fedha, kwa sababu kila koleti ilishika kipimo kimoja tu na seti nzima iligharimu karibu sawa na mashine. Fundi wa nyumbani alijitengenezea mbadala: pete ya shaba iliyotobolewa kwa kipimo cha kazi ikiwa ndani ya taya tatu, ikatiwa alama mbele ya taya ya kwanza, kisha ikapasuliwa mara moja kwa msumeno. Pete hiyo, ikirudishwa na alama yake mahali pake, ilishika kazi nyembamba bila kuikwaruza na ikafidia upogo wa kishikio.

Hali ilibadilika baada ya mwaka 1972, kampuni ya Rego-Fix ya Uswisi ilipotoa koleti za mfumo wa ER, zenye mwinamo wa digrii 8 kila upande na mipasuko inayoanzia miisho yote miwili, hivi kwamba koleti moja huweza kujibana kwa milimita nzima na seti ndogo ikatosheleza vipimo vyote. Ulinzi wa hataza ulipokwisha, seti za bei ya chini zilianza kutengenezwa Asia, na kishikio cha ER kikawa kazi inayopendwa na wenye karakana za nyumbani. Nati hununuliwa, kwa kuwa ndani yake mna pete iliyopogoka kwa makusudi ili iikamate koleti na kuivuta nje inapofunguliwa, na pete hiyo ni ngumu kuitengeneza. Kiwiliwili hukerezwa nyumbani, nyuma kikikatwa hesi ya spindeli, kisha kikifungwa mahali pake na tundu la koleti kuchimbwa mwisho kabisa, kama kikombe cha mbao cha karne mbili zilizopita.

Kwa mwenye Myford, kiwiliwili hicho hubeba mifumo miwili katika kipande kimoja cha feleji. Nyuma huwa na hesi 12 kwa inchi zenye pembe ya digrii 55 ya Whitworth, na mbele, kwa koleti za namba 32, huwa na hesi ya milimita 40 yenye hatua ya milimita 1.5 na pembe ya digrii 60. Skrubu ndefu inayosogeza kisu kwenye ML7 ni ya hesi 8 kwa inchi, na ili itoe hatua kamili ya kimetriki hudai gurudumu la meno 127, kwa kuwa inchi ni milimita 25.4. Gurudumu hilo ni kubwa mno kwa mashine hiyo ndogo, kwa hiyo mafundi wengi hupanga magurudumu waliyonayo, kwa uwiano kama wa 17 kwa 36, ambao hukosea kwa sehemu chini ya moja katika elfu, na katika urefu mfupi wa nati ya koleti tofauti hiyo haihisiwi na mkono unaoikaza.